Manowari ya Hemshitu

Siku ile mjinga alikuwa Nicolaus. Mwenyewe hulisema bila kubanwa, akishashiba na kupata wa kumsikiliza: Hezroni alishtaki, wazee wakahukumu, lakini mjinga alikuwa yeye. Mgeni hudhani huo ni unyenyekevu. Wenyeji wa Hemshitu wanajua ni mlango tu wa kuingilia habari za manowari, na kwamba anayekaribishwa mlangoni hapo, shamba lake litalimwa kesho.

Hemshitu ni kitongoji kilichojishikiza ubavuni mwa milima ya Upare, upande wa mashariki, mahali ambapo mtu akiangusha boga linasimamia Kisiwani, kijiji cha bondeni, na akiinua macho anaona nyika ya Mkomazi hadi vilima vya Kenya. Nicolaus alizaliwa hapo, akashuka ujanani kama wengi, akapitia mashamba ya mkonge, mkonge ukamchoma, akaendelea hadi bandarini Dar es Salaam na kuwa mpaka rangi wa meli. Alipaka rangi enzi za foleni, wakati kipande cha sabuni kilipokelewa nyumbani kama mgeni kutoka mbali. Akapaka rangi enzi za ruksa, maduka yalipojaa sabuni za kila harufu na watu wakawa wanazinusa na kuzirudisha. Katika miaka yote hiyo hakuna meli iliyomshangaza. Meli kwake ilikuwa kutu iliyosubiri brashi.

Mpaka ilipokuja ile.

Ilikuwa manowari ya kigeni, frigeti mpya kabisa, iliyojengwa kwa ajili ya jeshi la majini la taifa moja la mbali, nayo ilikuja kusalimia tu, siku chache, kisha iende zake. Gati iliichubua ubavuni wakati wa kuifunga, na mabaharia, watu wa kuona aibu, wakataka papakwe rangi upya kabla wakubwa hawajapanda. Nicolaus na wenzake wakaitwa.

Jicho la mpaka rangi halianzii linapoanzia la mtu mwingine. Wenzake walitazama mzinga wa mbele, wakauliza makombora yako wapi. Nicolaus alitafuta ukuta wa kuegemezea ngazi, akaukosa. Meli nzima haikuwa na ukuta uliosimama wima. Ubavu ulitoka majini ukipanuka, ukafika kwenye sitaha, kisha ukageuka na kuinamia ndani hadi juu, kama mtu aliyekunja mabega sokoni asionwe na mkwewe. Hakuna dirisha la duara, hakuna kamba inayoning'inia. Mashua za kuokolea watu zilifichwa nyuma ya mapazia ya chuma. Nanga ilikuwa imemezwa. Makombora nayo yalisimama ndani ya visima chini ya sitaha, kila kisima na kifuniko chake, na ungeweza kuanika mtama juu yake usijue umelalia nini.

Akauliza kwa nini. Baharia mmoja, fundi wa rada, aliyekuwa amekaa Mombasa na kuokota Kiswahili cha kutosha kununulia mishikaki, alimweleza. Rada ni mtu anayepiga kelele gizani na kusikiliza mwangwi wake. Akikutana na jabali lililosimama wima, kelele inamrudia, naye anajua pale pana jabali. Jabali likiinama, kelele inakwenda zake mbinguni na yeye anabaki anasikiliza kimya. Meli ile ilikuwa ndefu kuliko uwanja wa mpira, lakini kwenye kioo cha adui ilionekana kama kijimashua cha watu watatu wanaovua dagaa.

Nicolaus alielewa papo hapo. Kwao milimani aliwajua matajiri wa namna hiyo: ng'ombe wametawanywa kwa marafiki vijiji vinne, nyumba ya bati iko Same mjini kwa jina la shemeji, na mwenyewe anakuja kwenye mchango wa arusi amevaa koti lenye viraka. Alichokuwa hajui ni kwamba Wazungu wamefikia hekima hiyo na kuitia kwenye chuma.

Miezi michache baadaye akapunguzwa kazi pamoja na nusu ya karakana. Wengine waliopunguzwa walinunua teksi zikafa, wengine walioa, nazo ndoa zikafuata teksi. Nicolaus alisikiliza shauri la mkewe, Rahabu, akanunua mashine ya kusaga nafaka yenye injini ya dizeli, akapanda nayo kwao. Hemshitu walikuwa wanateremka Kisiwani kusaga na kupanda na unga kichwani, kwa hiyo pembe ya msaragambo ilipopulizwa, ile inayowaita watu wote kwenye kazi ya pamoja, hakuna aliyesingizia mgongo. Mashine ilibebwa mlimani kwa magogo na nyimbo kama bibi arusi mnene.

Iliyobaki ilikuwa banda. Hapo ndipo Rahabu alipopoteza usukani. Nicolaus alilijenga kwa mabati, kuta nne zote zikiinamia ndani, mlango nao ukiinama, kiasi kwamba ukiuachia unajifunga wenyewe na kumpiga mtu makalioni. Akalipaka rangi ya kijivu, ndoo mbili alizopanda nazo kutoka bandarini, ambazo hakuna aliyemuuliza zilivyopatikana. Wanawake walioingia kusaga waligonga vichwa. Rahabu alimuuliza, kwa sauti ya kawaida tu, kama adui anayejificha asimwone ni mteja. Watu wakaliita Manowari, naye hakukasirika hata kidogo. Kila aliyekuja kusaga alipewa somo bure: kuta zile zinageuza mawimbi. Rada ya nchi yoyote ikiutazama mlima huu, alisema, itaona kibanda cha kuku. Wimbi likifika hapa linapanda mbinguni.

Alisema hivyo kwa wateja, kwa wapita njia, na kwa bahati mbaya alisema hivyo kwa Hezroni.

Hezroni alikuwa jirani yake wa juu, mkulima wa tangawizi, mtu safi, mwenye kumbukumbu kali. Watu wa nyanda husema Mpare akiibiwa kuku huuza ng'ombe apate nauli ya kuifuata kesi ya kuku. Ni masimango ya majirani, ila Hezroni alijitahidi yasipungue ukweli. Alikwisha kumshtaki binamu yake kwa kivuli cha mti. Tangawizi ya mwaka uliotangulia ilimpatia televisheni, ya kwanza Hemshitu, ndogo, isiyo na rangi, ikila betri ya lori. Antena aliifunga kwenye mti mrefu wa mkaratusi aliousimika paani na kuielekeza Kenya, kwa sababu huko ndiko picha zilikotoka, zikivuka nyika ya Mkomazi bila kuulizwa pasi.

Mwaka ule mvua zilikuwa zimenyesha kama zilizotumwa, barabara zikakatika, na zilipokoma Kombe la Dunia likaanza Ufaransa. Nyumba ya Hezroni ilijaa siku ya kwanza, watu wakakaa hadi kwenye kitanda chake. Siku chache baadaye picha zikaondoka. Kioo kikawa chenga tupu, kana kwamba ndani mna mtu anapepeta mchele. Hezroni alipanda paani, akageuza antena kila upande, akashuka, akapanda tena. Akiwa juu ya paa mara ya tatu alitazama chini, upande wa Kenya, na kitu cha kwanza alichokiona kati yake na picha zake kilikuwa banda la kijivu lenye kuta zilizoinama.

Akakumbuka kila neno. Asubuhi yake alikuwa kwenye baraza la kata.

Dai lake lilikuwa fupi: Nicolaus amejenga kitu kinachogeuza mawimbi, amelitangaza hilo mwenyewe mbele ya watu, mawimbi yamegeuka, basi banda livunjwe.

Rahabu alilielewa kabla ya mumewe. Wakiwa na sahani ya makande kati yao alimpangia mambo kama mtu anayepanga kuni. Mabati yakivunjwa, mashine itabaki uchi, na pale kwenye bega la mlima upepo hautanii. Unga utaruka, watu watarudi Kisiwani, na wao wawili watabaki na injini ya kutazama. Wasiponusurika na mashine hii, hakuna nyingine, kwa sababu kiinua mgongo cha kupunguzwa kazi mtu hukipata mara moja tu katika maisha. Lakini dawa ipo, tena rahisi. Ushahidi wote wa Hezroni ni mdomo wa Nicolaus. Mdomo huo huo useme neno moja.

"Sema ulikuwa unatania," Rahabu alimwambia. "Kisha ufunge mdomo, Baba Humphrey. Sehemu ya pili ndiyo ngumu."

Nicolaus aliahidi. Na aliahidi kwa moyo, hilo lazima lisemwe.

Baraza lilikuja lenyewe hadi bandani. Mwenyekiti, Mzee Daudi, kabla ya kupewa kiti alikuwa mgawa maji wa ndiva, lile bwawa la juu linalokusanya maji ya kijito ili mashamba yapate zamu, na miaka ya kutembea na mifereji ilimfundisha kwamba kesi ya kugeuza kitu haisikilizwi ukiwa umekaa ofisini. Unakwenda hadi pale kilipogeuzwa. Wazee wakaketi kwenye magogo mbele ya Manowari, na nusu ya Hemshitu nyuma yao. Bibi Koleta, aliyekuwa amekuja mapema na kikapu cha mahindi, aliambiwa mashine haitawashwa mpaka shauri liishe, kwa kuwa baraza halishindani na injini. Akaweka kikapu chini, akakaa kando yake, akasema atasubiri, maana hata yeye alipozaliwa alisubiriwa.

Hezroni alizungumza vizuri. Alianza na mababu, akashuka kwa mpangilio hadi kwenye antena. Akaleta mashahidi, na kila shahidi alikuwa mteja wa Nicolaus aliyerudia somo la kuta kwa usahihi ambao ungemfurahisha mwalimu yeyote. Mzee mmoja akauliza kama televisheni yenyewe haikuharibika. Hezroni akajibu kwamba inanguruma na kuwaka kama zamani, kinachokosekana ni picha, na mfereji ukikauka huulizi kama jembe lako ni zima.

Hoja hiyo ilimwingia Mzee Daudi. Ikazuka shida ndogo ya nani yuko juu. Kwa maji, Hezroni ndiye wa juu na Nicolaus wa chini, na sheria ya ndiva ni kwamba wa juu asimkaushe wa chini. Lakini mawimbi yalitoka nyikani na kupanda mlima. Wazee walilijadili kwa muda, wakionyeshana kwa bakora, na wakakubaliana kwamba kwa mawimbi mlima umepinduka, kwa hiyo wa juu ni Nicolaus ingawa yuko chini. Watu walitikisa vichwa kwa kuridhika. Lilikuwa jambo jipya, lakini lilikuwa limekaa pale pale penye mambo ya zamani.

Kisha Mzee Daudi akamgeukia mshtakiwa. Akamwomba ajibu moja tu: kuta hizi zinageuza mawimbi au hazigeuzi?

Rahabu alikuwa mlangoni mwa banda, ameuzuia mlango kwa nyonga usijifunge. Nicolaus alimtazama.

"Wazee wangu," alisema, "nilikuwa natania."

Ilikuwa imekwisha. Mzee Daudi alishusha pumzi ya mtu aliyeona chakula cha mchana kwa mbali. Wazee wengine walianza kuokota bakora zao. Bibi Koleta alishika mpini wa kikapu. Hata Hezroni alisimama kama anayekwenda zake, akajipangusa suruali, na kwa sauti ya chini, ile ya mtu anayesema na mfuko wake wa shati, akasema hata yeye alijua. Kama kuta ni utani, basi na ile meli ni utani. Huyu jirani yake aliiona kwenye kalenda ya kinyozi. Mtu aliyekuwa akikwangua kutu angepandishwaje kwenye manowari ya watu?

Watu wakacheka. Hawakucheka sana, kicheko cha kawaida cha majirani, cha kuisha kabla ya kufika njiani.

Nicolaus aliweza kuvumilia mengi. Alivumilia foleni, malaria ya Kurasini, na barua ya kupunguzwa iliyokosea jina lake. Kalenda ya kinyozi haikuwa miongoni mwa aliyoyaweza. Rahabu aliona shingo yake ikivimba, akatikisa kichwa mara moja, lakini mumewe alikuwa ameshampa kisogo.

Akasema hakuiona kwenye kalenda. Alipaka ubavu wake kwa mkono huu, akauinua mkono ili wazee wauone. Akaeleza mapazia ya chuma, nanga iliyomezwa, visima vya makombora. Akaona macho ya watu yanaanza kumwamini, na jambo hilo likampanda kichwani kama pombe. Hata wasiojua rada, alisema, wataona leo kwa macho. Akaburuta bati moja lililobaki kwenye ujenzi, akawaita vijana wawili walishike wima, kisha akachota mahindi kwenye kikapu cha Bibi Koleta, bila hata kumwomba, na kuyarusha.

Punje zikagonga bati na kurudi, zikamwangukia Mzee Daudi kifuani.

"Umeyaona, mzee? Yamekurudia. Wewe ni rada, umeshanijua nilipo. Sasa inamisheni."

Wakaliinamisha. Akachota tena, mikono miwili, akarusha. Punje ziligonga bati zikaruka juu, zikapita vichwa vya baraza zima na kutua kwenye nyasi, ambako kuku waliokuwa wakifuatilia kesi tangu mwanzo walizipokea. Akarudia, safari hii taratibu zaidi, ili hata waliokaa nyuma waone. Wazee waligeuka wote pamoja kufuata mahindi yakipita, wakageuka tena. Mmoja alipiga makofi. Mtu nyuma akasema sasa ndiyo ameelewa, Wazungu ni wajanja. Nicolaus alisimama katikati akitoa jasho, amejaa furaha kuliko siku yoyote tangu alipoondoka bandarini.

"Tumekuelewa, mwanangu," Mzee Daudi alisema, akiokota punje kwenye koti lake. "Zinageuza."

Rahabu alifungua kanga yake, akaifunga upya, na mwanamume aliyeoa anajua maana ya hilo.

Hukumu haikuwa na ugumu baada ya hapo. Mzee Daudi aliitoa akiwa amesimama, kama alivyozoea kuzitoa kwenye mifereji. "Maji hayana mwenyewe, yana zamu. Aliyeyageuza huyarudisha njiani, hapigwi wala hatukanwi. Bati za upande wa Kenya zitoke, mpaka mpira wa Ufaransa uishe. Kisha tutakaa tena."

Misumari iking'olewa hulia, na ile ililia. Ukuta wa mashariki ulipotoka, upepo uliingia kama aliyekuwa akisubiri kuitwa, ukakomba unga uliobaki chini ya mashine na kuwapaka waliokuwa ndani hadi nyusi. Mashine ilionekana ndogo, yenye haya. Hezroni alimpigia kelele mkewe, Doris, awashe televisheni, akapanda kwenye antena mwenyewe. Sauti zikaanza kupanda na kushuka mlimani. Vipi hapo? Bado chenga. Na hapo? Afadhali, hapana, bado. Rudisha ulikotoka. Chenga.

Mtu mwingine angetilia shaka kesi. Hezroni alitilia shaka ukuta wa kusini. Alieleza kutoka juu ya paa kwamba mawimbi ni kama maji yaliyokwisha zoea mkondo mpya, huyarudishi kwa kufungua tuta moja. Wazee walitazamana, na kwa kuwa walikwisha kubali kwamba mawimbi ni maji, hawakuwa na pa kupitia kukataa. Ukuta wa kusini ukatoka. Doris akatangaza chenga. Sasa banda lilikuwa kuta mbili zilizoinamiana kama walevi, na vijana walikuwa wameshika nyundo wakisubiri kusikia kama na wa kaskazini nao una hatia. Nicolaus alishika nguzo ya ukuta huo. Haikujulikana kama anauzuia au unamzuia yeye.

Hapo ndipo Abdulmajid alipofika. Alikuwa mfanyabiashara wa Kisiwani, wa ukoo ulionunua na kuuza kandokando ya milima hii tangu enzi za misafara, na alikuwa akipanda kila wiki kuchukua ndizi na tangawizi. Aliwaamkia wazee shikamooni, akaitikiwa, akatazama mabati yaliyolala nyasini na watu waliojaa unga, akavua kofia na kuuliza kwa upole ni nani aliyefariki.

Wakamweleza. Walimweleza wote kwa pamoja, kwa hiyo ilichukua muda. Alisikiliza hadi mwisho, akavaa kofia yake.

"Mbona hata Kisiwani ni chenga, nyumba zote zenye televisheni," alisema. "Mnara wa huko ng'ambo umeangushwa na maporomoko. Mvua iliula mlima chini yake. Sisi mpira tunausikiliza redioni siku zote hizi. Kwani hamkuuliza?"

Hawakuuliza. Wazo la kuuliza halikumpitia mtu yeyote Hemshitu, wala si kwa sababu Kisiwani ni mbali. Kisiwani ilikuwa pale chini, mtu angeweza kuita. Ila kuuliza ni kukiri kwamba hujui, na kushtaki unaweza kushtaki hivyo hivyo.

Mzee Daudi akasema kwa utulivu kwamba mfereji usio na maji hauna aliyeyageuza, kwa hiyo kesi imekauka, na vijana walioing'oa misumari waigongee tena. Rahabu alifumba macho kidogo, kama mtu anayeshukuru. Alichotakiwa Nicolaus sasa kilikuwa kidogo kuliko hata kile cha asubuhi. Hakutakiwa kusema neno lolote.

Hezroni alishuka kutoka paani, mikono imejaa utomvu wa mkaratusi. Hakuwa mtu wa kushindwa bila faida. Alisema anamshukuru Mungu kwa kuwa sasa imejulikana kuta za jirani yake hazijawahi kugeuza kitu. Ni mabati tu yaliyogongwa kombo.

"Mawimbi hayakugeuka kwa sababu hayakuja," Nicolaus alisema. "Yangekuja yangegeuka."

"Wazee, mmemsikia?" Hezroni alisema haraka. "Amekiri mbele yenu. Mnara ukisimamishwa, kesi yangu iko pale pale."

"Isimame hata miwili. Hapa haipiti picha."

Vijana waliokwisha inua bati la kwanza walilishusha. Mzee Daudi, aliyekuwa amefika njiani, alirudi na kuketi kwenye gogo lake kwa uzito wa mtu aliyeona chakula cha mchana kikigeuka cha jioni. Mzee mwingine alisema basi ingekuwa vyema kujua tangu leo, ili kesi isiwakute wamelala. Hezroni akaanza upya kwa mababu. Nicolaus alimjibu juu ya sauti yake, akitaja ubavu wa meli, na mkono wake ulikuwa tayari unatafuta kikapu cha mahindi.

Kikapu hakikuwapo. Bibi Koleta alikuwa amekibeba hadi ndani ya lile banda la kuta mbili, akipita pale palipokuwa na ukuta kwa sababu palikuwa karibu kuliko mlangoni. Alimimina kilichobaki kwenye mdomo wa mashine, akakung'uta kikapu, akageuka. Hakupandisha sauti, ila upepo wa Mkomazi ulikuwa ukitoka nyuma yake na ulimfikishia kila mtu.

"Nicolaus, meli yako haionekani. Hezroni, picha zako hazionekani. Kilichoonekana hapa tangu asubuhi ni mahindi yangu, na nusu wameyala kuku. Washa mashine."